Dondoo Muhimu: Tunutu Kabla Hawajaota Mbawa

Mfugaji au mkulima aliyeona nzige wa jangwani wakitaga katika mchanga wenye unyevu, kama walivyotaga Turkana, Samburu na Marsabit mwaka 2020, na aihifadhi tarehe hiyo, kwani aghalabu baada ya majuma mawili hivi mayai huanguliwa, na tunutu weusi wasio na mbawa hutoka ardhini, wakaandamana makundi kwa makundi wakiangamiza majani yote wapitapo. Muda wao wa kwenda kwa miguu, takriban siku 30 hadi 40, ndio fursa azizi kupita zote, nami husikitika kila nionapo ikipotezwa kwa kungojeana.

Wakague alfajiri, wangali wamejikusanya vichakani kwa baridi, kisha umpelekee habari afisa wa kilimo au chifu siku iyo hiyo, ukimtajia mahali na ukubwa wa kundi. Penye bustani ndogo, chimbeni handaki mbele ya njia yao, muwaswage humo na kuwafukia. Dawa mwachieni aliyefunzwa kuipuliza. Mifugo isirejeshwe malishoni kabla ya muda atakaoutaja, wala asithubutu mtu kula tunutu waliopuliziwa, hata akiwakuta wangali hai.