Jua Haki Zako: Msimu wa Mchezaji ni Mali Yake

Mwalimu hufundisha mpaka apate kiinua mgongo, na seremala hushika randa hata mvi zikimjaa kichwani. Mchezaji raga wa kulipwa hana muda huo. Akianza akiwa na miaka 20, kufika 35 bado uwanjani ni bahati, na goti moja likiharibika laweza kumstaafisha msimu wa kwanza. Kwa hiyo nashikilia kwamba msimu anaozuiwa kucheza bila sababu ya haki ni mali aliyonyang'anywa, na sheria inampa pa kuidai.

Ushahidi mzito unatoka Australia, kwenye raga ya wachezaji 13 kila upande. Dennis Tutty alichezea Balmain, klabu ya Sydney. Kanuni za ligi wakati ule ziliiruhusu klabu kuendelea kumshikilia mchezaji hata baada ya mkataba kwisha, na kudai ada ya uhamisho kwa klabu yoyote iliyomtaka. Tutty alikataa, akakaa msimu mzima wa 1969 bila kucheza, akaenda mahakamani. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba kanuni zile zilimbana mtu katika kazi yake kupita kiasi, hivyo hazikuwa na nguvu. Kwamba raga ni mchezo haikuwa kinga: anayelipwa kucheza yuko kazini. Wapo watakaosema klabu ndiyo iliyomlea, na isipomfunga matajiri watawabeba nyota wote. Hoja hiyo ina uzito, na mahakama ilikubali kwamba ligi ina masilahi halali ya kulinda uwiano wa timu. Lakini ulinzi una mpaka. Klabu iliyotaka miaka mingi zaidi ilikuwa na nafasi ya kuiomba, na kuilipia, siku ya kutia saini.

Kwa msomaji wa Kenya, jambo hili haliko mbali. Sheria ya mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24, inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kubatilisha kifungu kinachomzuia mtu kufanya kazi halali iwapo hakina haki, na katika kupima inatazama aina ya kazi na urefu wa muda. Hapo ndipo ufupi wa maisha ya uwanjani unapogeuka kuwa hoja ya kisheria: karani akizuiwa miaka miwili atarudi mezani kwake, ilhali kwa mchezaji miaka miwili yaweza kuwa robo ya kazi yake yote. Tena, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri asiutoe, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Kuyaita malipo ya kila mwezi posho hakutoshi kumwondolea mtu hadhi ya mwajiriwa.

Na majeraha? Husemwa kwamba aliyeingia uwanjani amekubali kuumia. Amekubali kuumia ndani ya kanuni. Steve Rogers, naye mchezaji wa raga hiyo hiyo ya Australia, alipovunjwa taya mwaka 1985 kwa pigo la makusudi lililokiuka kanuni, mahakama za jimbo la New South Wales zilimpa fidia, na klabu ya aliyempiga ikawajibishwa pamoja naye. Kenya inayo pia Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo haimdai mwajiriwa athibitishe kosa la mtu, na kwa ulemavu kamili wa kudumu inatoa mapato ya miezi 96. Weka nakala ya mkataba wako nyumbani, toa taarifa ya jeraha mapema, tena kwa maandishi, na usingoje msimu uishe: dai la fidia hiyo huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.