Kuchangia Figo: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Mazungumzo haya kwa kawaida huanza vibaya. Mgonjwa ameambiwa figo zote mbili zimefeli, ameshaanza kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, na akiba ya nyumba inakwisha. Kikao cha ukoo kinaitishwa. Hapo maneno ya mtaani husikika kuliko ya daktari: anayetoa figo hafiki mbali, mwanamume hupoteza nguvu, mwanamke hazai tena. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kikao hicho, na hasa kwa yule ambaye macho ya wote yamemwelekea.

Figo moja inatosha?

Kwa mtu mwenye afya njema, ndiyo. Wapo watu waliozaliwa na figo moja wasijue mpaka walipopigwa ultrasound kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya kuchangia, figo inayobaki hutanuka kidogo na kuongeza kazi, hata mchangiaji akawa na takriban asilimia 70 ya uwezo aliokuwa nao mwanzo. Huo unatosha kulima, kufundisha, kuendesha basi au kulea watoto.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Dkt. Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick na kumpandikizia pacha wake, Richard, aliyekuwa mahututi. Richard aliishi miaka 8 zaidi. Ronald, yule aliyetoa, aliishi miaka 56 baada ya upasuaji ule na kufariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79.

Hatusemi kwamba hakuna hatari. Huu ni upasuaji mkubwa, wenye maumivu, na kunaweza kutokea maambukizi au kuvuja damu. Vifo vya wachangiaji vipo, ila ni vichache mno: tafiti kubwa za Marekani zimeonyesha vifo visivyozidi 4 kwa kila wachangiaji 10,000. Daktari asiyemweleza mchangiaji hatari hizi hajamtendea haki.

Kuhusu nguvu za kiume, jibu ni fupi: upasuaji haugusi korodani wala mishipa inayohusika na tendo la ndoa. Mwanamke naye anaweza kubeba mimba na kujifungua salama. Hata hivyo hushauriwa kusubiri kati ya miezi 6 na mwaka mmoja, na uwezekano wa kupata presha ya mimba huongezeka kidogo. Kwa hiyo aanze kliniki mapema na amweleze mkunga kwamba ana figo moja. Dada anayetarajia kuzaa bado ana haki ya kulipima jambo hili kabla ya kukubali, na asionekane mbinafsi kwa kuuliza.

Si lazima awe wa damu moja

Wengi hudhani mke hawezi kumpa mumewe figo. Anaweza, ikiwa makundi ya damu yanaendana na vipimo vinaonyesha kwamba mwili wa mume hautaikataa mara moja. Kundi O huweza kumpa mtu wa kundi lolote. Ile alama ya chanya au hasi kwenye kadi ya damu haina uzito katika figo. Ndugu wa tumbo moja huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendana, lakini dawa za leo zimepanua mlango.

Mchangiaji hupimwa damu, mkojo, moyo, sukari, virusi vya UKIMWI na homa ya ini, kisha picha ya figo zenyewe. Mwenye kisukari hukataliwa kwa kawaida, na vivyo hivyo mwenye presha isiyodhibitika. Wapo wanaokuja kumwokoa ndugu wakagundua kwamba wao wenyewe wanahitaji tiba, na hilo pekee ni faida ya kupima.

Figo mpya haiondoi ugonjwa moja kwa moja. Hupachikwa chini ya tumbo, upande mmoja, na zile za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake. Mgonjwa atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae siku zote figo hiyo itakapokuwa ikifanya kazi. Familia ihesabu gharama ya dawa hizo kabla ya upasuaji.

Figo haiuzwi

Hapa hatuna lugha laini. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka idhini ya maandishi na inafanya kudai malipo ya kiungo kuwa kosa. Dalali anayekuahidi fedha hatakuwepo utakapohitaji kupimwa miaka 5 baadaye. Mkimbieni.

Kwa upande wa dini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu uchangiaji wa viungo kwa masharti, likakataza kuviuza. Papa Yohane Paulo II aliusifu mwaka 2000 mbele ya madaktari wa upandikizaji mjini Roma, akisisitiza hiari.

Hiari ndiyo kiini. Kaka mdogo asiye na kazi hapaswi kuteuliwa na kikao kwa sababu tu hana cha kupoteza. Kila anayetajwa aonane na daktari peke yake, mlango umefungwa, na akisema hapana, sababu ibaki kati yao wawili. Anaweza kubadili nia hata asubuhi ya upasuaji.

Kwa Watanzania, safari ya India si ya lazima tena. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018.

Uliyekwisha kuchangia, pima presha, mkojo na utendaji wa figo kila mwaka, na usimeze diclofenac au ibuprofen kwa mazoea. Unayefikiria kuchangia, nenda kliniki ya figo uulize maswali yako yote kabla kikao hakijaitishwa.