Daktari, kibali chako kimeshikwa na nani?

Mdogo wangu wa Mariakani, ujumbe wako nimeusoma, na leo kona hii nawaachia wewe na madaktari wenzako mliochoka kungoja. Sitakwambia ukae. Aliyepitia ule mgomo wa siku 56 wa mwaka 2024, akawaona madaktari wa mafunzo wakitengewa shilingi 70,000 badala ya zile 206,000 za mkataba wa 2017, haulizwi kwa nini anatafuta pasipoti.

Umeniuliza Uingereza wanalipa ngapi. Hilo liweke kando kwanza, uulize hivi: nikishafika, ruhusa yangu ya kukaa iko mikononi mwa nani? Saudia jibu ni jepesi, iqama yako, yaani kibali cha kukaa, inapitia kwa mwajiri. Mkikosana naye, umekosana na kibali chako pia. Uingereza watu hudhani ni tofauti kabisa, kumbe ile viza ya wahudumu wa afya iliyoanzishwa mwaka 2020 imefungwa kwenye cheti cha udhamini cha mwajiri mmoja. Kazi ikikatika, kwa kawaida unapewa siku 60: upate mdhamini mwingine ama ufunge virago. Ukaazi wa kudumu umekuwa ukiombwa baada ya miaka mitano, lakini Mei 2025 serikali yao ilitangaza kwamba inataka kuirefusha kuwa kumi. Basi usichukue mkopo wa sako ukipigia hesabu miaka mitano.

Marekani nako kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Wanaoenda kusomea ubingwa kwa viza ya J-1 huhitaji barua ya Wizara ya Afya ya Kenya, na wakimaliza hutakiwa warudi nyumbani miaka miwili. Ukitaka kusamehewa, njia iliyozoeleka ni kukubali kufanya kazi miaka mitatu katika sehemu yenye uhaba wa madaktari. Si vibaya, ila ulijue kabla hujatia saini.

Halafu, mdogo wangu, usichanganye viza na leseni. Leseni ndiyo ya kwanza. Kwa Uingereza ni baraza lao, GMC, na mtihani wa PLAB: sehemu ya kwanza maswali 180 kwa saa tatu, ya pili unaifanyia Manchester, wala hakuna pengine. Kiingereza unatakiwa ukithibitishe hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kwa mtihani wa IELTS wanataka 7.5 kwa jumla, na kila kipengele kisishuke chini ya 7. Ukifaulu sehemu ya kwanza una miaka miwili ya kumaliza ya pili. Na nikuambie wasilokuambia wale wa video za mtandaoni: siku hizi wako waliofaulu zote mbili, wamesajiliwa, na kazi hawana. Nafasi moja inagombewa na watu wengi mno. Zamu zako za hapo hospitali usiziache mpaka barua ya kazi iwe mkononi.

Makaratasi sasa, hapa ndipo watu wa Pwani tunapoumia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanajuma, cha sekondari Mwana Juma, kitambulisho kimeongeza jina la babu, pasipoti imelitanguliza la baba. Wewe unajua ni mtu mmoja. Mkaguzi wa vyeti aliye ng'ambo hajui. Vitandaze mezani usiku mmoja, usome herufi moja moja. Palipo na tofauti, mwone wakili akuandikie kiapo, tena mapema, maana malori kwenye mizani ya hapo Mariakani yanapita haraka kuliko faili lenye majina mawili. Barua ya mwenendo mwema kutoka baraza letu la madaktari, KMPDC, kinyume chake, usiikimbilie: GMC hawataki iliyozidi miezi mitatu. Hata cheti cha kipimo cha kifua kikuu, kinachopatikana kliniki ya shirika la uhamiaji, IOM, Nairobi, hudumu miezi sita tu.

Huyo ajenti wa Mombasa uliyemtaja, anayetaka "pesa ya kushikilia nafasi", mpe mgongo. Kanuni za Uingereza zinakataza mwombaji kutozwa pesa ili aajiriwe. Anayekwambia Ujerumani ni rahisi kwa sababu ya ule mkataba wake na Kenya wa Septemba 2024, muulize Kijerumani chako kiko wapi. Daktari hagusi mgonjwa kule bila kupita mtihani wa lugha ya kitabibu.

Mwisho umemtaja mzee wa nyumbani kwako. Ndiyo, Uingereza daktari anaruhusiwa kwenda na mume na watoto. Waliofungiwa mlango Machi 2024 ni wale wa kazi ya kuhudumia wazee. Lakini umesema mahari ilitolewa kwenu Kaloleni, wazee wakanywa mnazi, mambo yakaishia hapo. Kwa ukoo, ndoa ipo. Kwa afisa wa viza, haipo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu ndoa ya kimila iandikishwe, kwa hivyo nendeni kwa msajili mkatoe cheti kabla hujajaza fomu hata moja. Mzee wako akikuuliza haraka ya nini na mko pamoja miaka yote hii, mwambie Dada wa kona hii ndiye aliyesema.