Uchafu wa protini moyoni: Je, dawa za kingamwili zitausafisha?

Huenda umewahi kumwona jamaa yako akivimba miguu. Asubuhi viatu vinaingia, jioni vinakataa. Akipanda mlima kutoka stendi ya Nyeri, husimama mara tatu kuvuta pumzi. Akienda hospitalini huambiwa ni presha, au figo, au moyo umechoka, na mara nyingi daktari huwa amesema kweli. Lakini wako wachache ambao kiini cha matatizo yao ni ugonjwa usiojulikana sana, uitwao amiloidosisi ya minyororo myepesi. Juma hili tutaeleza ugonjwa huu ni nini, na jinsi wanasayansi wanavyohangaika kutafuta dawa ya kuusafisha mwilini.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya mifupa yetu mna uboho, na humo huishi seli za plazma. Kazi ya seli hizi ni kutengeneza kingamwili, yaani askari wanaoupigania mwili dhidi ya viini vya maradhi. Kila kingamwili huundwa kwa vipande vizito na vipande vyepesi. Hivyo vyepesi ndivyo huitwa minyororo myepesi.

Kwa mgonjwa, kikundi kimoja cha seli hizi huasi. Hutengeneza vipande vyepesi kupita kiasi, tena vibovu. Vipande hivyo hujikunja vibaya, hushikana na kuwa nyuzi ngumu zisizoyeyuka. Nyuzi hizo ndizo amiloidi. Hujirundika moyoni, kwenye figo, ini, utumbo, ulimi na mishipa ya fahamu.

Wewe unayetoka Tetu, Othaya au Mathira unaijua kazi ya kiwanda cha kahawa. Fikiria kiwanda kibovu kinachomwaga maganda mtoni usiku na mchana. Punde mto unaziba na mashamba ya chini yanakosa maji. Ukitaka kuokoa hali hiyo una kazi mbili. Kwanza, ufunge kiwanda. Pili, uyatoe maganda yaliyokwisha kurundikana. Ushike mfano huu, kwani ndio ufunguo wa somo letu.

Dalili za kuangalia

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliopita umri wa makamo. Dalili zake ni nyingi na hufanana na za magonjwa mengine:

- Mkojo wenye povu jingi lisiloisha, dalili kwamba figo zinapoteza protini.
- Kuvimba miguu na kukosa pumzi hata kwa kazi ndogo.
- Uchovu mwingi na kukonda bila sababu.
- Ganzi au maumivu ya vidole vya mikono na miguu.
- Kizunguzungu mtu anaposimama. Isitoshe, mtu aliyekuwa na presha ya juu kwa miaka mingi anaweza kuona imeshuka yenyewe.
- Ulimi kuwa mnene, au alama za damu kuvia kando ya macho bila kugongwa.

Dalili moja pekee haitoshi kukutia hofu. Zikikusanyika mbili au tatu, bila sukari wala presha kueleza sababu, hapo pana jambo la kuchunguzwa.

Katika nchi za Magharibi, ugonjwa huu huwapata takriban watu 10 kati ya kila milioni kwa mwaka. Kaunti ya Nyeri ilihesabiwa zaidi ya watu 759,000 mwaka 2019. Tukikisia kwa kipimo hicho, ni kama wagonjwa saba au wanane wapya kila mwaka. Hao ni wachache, na kwa sababu hiyo ni rahisi kupita bila kutambuliwa.

Unavyotambuliwa

Daktari hupima damu na mkojo ili kutafuta minyororo myepesi. Kisha huchukua kipande kidogo cha mafuta ya tumboni, cha uboho au cha kiungo kilichoathirika. Kipande hicho hutiwa rangi nyekundu iitwayo Congo, iliyovumbuliwa Ujerumani mwaka 1883, muda mfupi kabla ya wakoloni kukutana Berlin kuamua mambo ya Kongo. Chini ya hadubini yenye mwanga maalumu, amiloidi hung'aa kijani kama tofaa bichi.

Aidha, ni lazima aina ya amiloidi ijulikane. Iko nyingine itokanayo na protini ya transthairetini, ambayo pia huharibu moyo, na baadhi ya watu wenye asili ya Afrika huirithi. Dawa zake ni tofauti kabisa. Kukosea aina ni kumpa mgonjwa sumu asiyoihitaji.

Kufunga kiwanda

Kazi ya kwanza imepiga hatua. Kwa miaka mingi wagonjwa walitibiwa kwa dawa za saratani ili kuua seli zilizoasi. Kisha ikaja daratumumab, kingamwili iliyotengenezwa katika maabara, ambayo huzitambua seli za plazma kwa alama iliyo juu yake na kuziangamiza. Katika uchunguzi uliohusisha wagonjwa 388, zaidi ya nusu ya walioongezewa dawa hii hawakuonekana tena na protini mbovu katika damu na mkojo. Waliopewa dawa za kawaida peke yake, hata mmoja kati ya watano hawakufika. Marekani iliidhinisha dawa hii kwa ugonjwa huu Januari 2021.

Kusafisha mto

Hata hivyo, kiwanda kikifungwa maganda hubaki. Mwili huweza kuyaondoa wenyewe, lakini polepole mno, na mwenye moyo ulioziba hana muda wa kungoja. Akikosa matibabu, mgonjwa ambaye moyo wake umeharibika sana huweza kufariki katika miezi michache.

Ndipo wanasayansi wakauliza: kwa nini tusitengeneze kingamwili ya kunata kwenye amiloidi yenyewe, iwe kama bendera ya kuziita seli walaji za mwili zije zile uchafu huo? Alan Solomon wa Chuo Kikuu cha Tennessee alionyesha katika panya kwamba jambo hilo linawezekana. Kazi yake ilizaa dawa iitwayo sasa anselamimab.

Safari imekuwa ya mabonde na milima. Jijini London, Mark Pepys na wenzake walitumia kingamwili nyingine, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba amiloidi imepungua katika maini ya baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2018 majaribio hayo yakasimamishwa. Dawa ya birtamimab ilishindwa mwaka 2018. Ikajaribiwa tena kwa wagonjwa wenye moyo ulioathirika zaidi, lakini Mei 2025 ikashindwa mara ya pili na kuachwa. Julai 2025 ikatangazwa kwamba anselamimab nayo haikufikia lengo lake kuu, ingawa kikundi kimoja cha wagonjwa kilichokuwa kimepangwa kuchunguzwa tangu mwanzo kilionekana kufaidika.

Kwa nini ni vigumu? Huenda moyo ulioumia haurudi upesi hata uchafu ukipungua. Tena, wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa, na baadhi hufariki kabla dawa haijapata nafasi. Lakini wanasayansi hawajakata tamaa, na dawa nyingine za namna hii zinaendelea kujaribiwa.

Wewe ufanye nini?

Ndugu msomaji, hadi leo dawa ya kusafisha amiloidi haijathibitishwa. Akija mtu sokoni Karatina au Nanyuki na chupa ya "kusafisha moyo", mwepuke. Silaha uliyo nayo ni kuwahi.

Ukiona povu jingi katika mkojo kwa siku kadhaa, pimwa mkojo. Kipimo hicho ni rahisi na hufanywa hata katika vituo vidogo. Protini ikionekana, usikubali jambo liishie hapo. Mwulize daktari: "Protini hii inatoka wapi? Je, tumepima minyororo myepesi?" Huenda sampuli ikapelekwa Nairobi, au wewe mwenyewe ukaelekezwa kwa mtaalamu wa damu. Uliza mapema gharama, na bima yako inalipia nini.

Mgonjwa anayegunduliwa kabla moyo haujaziba anaweza kuishi miaka mingi. Anayechelewa, dawa za leo humwokoa kwa shida. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.