Kuzalisha Majaribio ya Programu ya Bomba la Mkono

Kwale, Kenya, ndiko bomba la mkono la Afridev lilikojaribiwa miaka ya 1980, na ndiko watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikoweka baadaye vitambuzi vya mwendo ndani ya mipini. Kitambuzi huhesabu mipigo ya mpini na kutuma hesabu kwa SMS. Programu inayozisoma hesabu hizo ni ya usalama: ikikosea, fundi haji, na kina mama wanarudi kwenye visima vya wazi.

Andaa kompyuta yenye Python na maktaba ya Hypothesis, inayozalisha maingizo ya majaribio, pamoja na daftari.

1. Andika majibu matatu pekee ambayo programu inaweza kutoa kuhusu bomba: LINAFANYA KAZI, LIMEHARIBIKA, HALIJULIKANI. Usiandike "zima", mmoja ataelewa limepona, mwingine limezimika.

2. Fafanua ingizo: orodha ya saa 24, kila saa ikiwa na idadi ya mipigo au pengo. Pengo ni saa ambayo ujumbe haukufika. Sifuri si pengo. Sifuri inasema mpini haukuguswa, jambo la kawaida usiku, na hata mchana wa masika watu wakikinga maji ya paa. Pengo linasema hatuna habari. Usiende hatua ya 3 kabla programu haijatenganisha hivi viwili.

3. Tunga sifa, yaani kauli ambayo lazima iwe kweli kwa kila ingizo:
   (a) mapengo 24 hutoa HALIJULIKANI;
   (b) kugeuza namba yoyote kuwa pengo hakuleti LINAFANYA KAZI pale ambapo jibu lilikuwa jingine;
   (c) kila ingizo hupata jibu moja kati ya matatu.

4. Weka mipaka ya kuzalisha: mipigo 0 hadi 4,000 kwa saa, pamoja na pengo. Kwa sifa (c) ongeza -1 na 99,999.

5. Endesha sifa (a) kwa ingizo lake moja la mapengo 24, na maingizo 10,000 kwa sifa (b) na (c); bila kuagizwa, Hypothesis huzalisha 100 tu. Sifa ikianguka, maktaba hulipunguza ingizo hadi umbo dogo linaloendelea kuiangusha. Linakili daftarini na ulifanye jaribio la kudumu.

6. Haribu nakala ya programu kwa makusudi: igeuze kila pengo kuwa 0, kisha rudia hatua ya 5. Sifa (a) lazima ianguke. Isipoanguka, majaribio yako hayalindi mtu. Rudi hatua ya 3.

7. Chomoa laini ya kitambuzi kwenye bomba halisi, kwa ruhusa ya wenye bomba. Baada ya saa 24 kamili soma jibu. Likiwa lolote isipokuwa HALIJULIKANI, usiikabidhi programu.