NI NANI SHABIKI MWAMINIFU HUKO CHICAGO?

Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, niliulizwa swali lililonitoa jasho: je, uaminifu wa shabiki hupimwa vipi? Nikajibu haraka haraka kuwa unahesabu tu watu waliojaa uwanjani. Rafiki yangu ambaye tunaketi dawati moja alicheka mpaka nikaona haya. Basi nikaenda kutafuta mfano, nikaupata mbali kweli kweli, katika mchezo wa besiboli huko Marekani.

Jiji la Chicago lina timu mbili kubwa. Cubs huchezea upande wa kaskazini, White Sox upande wa kusini. Kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, nusu yake nyumbani. Yaani shabiki ana nafasi 81 za kuonekana ama kujificha.

Sasa tazameni mwaka wa 2006. White Sox walikuwa mabingwa, kwani walikuwa wametwaa ubingwa mwaka wa 2005 baada ya kuungoja miaka 88. Cubs nao walishindwa mechi 96. Ni nani waliopata watazamaji wengi zaidi? Cubs! Walipita milioni 3, ilhali mabingwa hawakufikisha idadi hiyo. Nikasema, haya, nimeshinda mdahalo.

Kumbe wapi! Uwanja wa Cubs, Wrigley Field, ulifunguliwa mwaka wa 1914. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na mimea itambaayo, na mpaka mwaka wa 1988 haukuwa na taa, kwa hivyo Cubs walicheza nyumbani mchana tu. Watalii huenda kuuona uwanja wenyewe. Mtu aliyekuja kutazama majani, si atahesabiwa langoni sawa na shabiki? Hapo rafiki yangu alikuwa na haki ya kucheka.

Yeye huwatetea White Sox. Mwaka wa 2024 walishindwa mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu tangu mwaka wa 1900. Viti vingi vilibaki vitupu. Waliofika walipiga kelele wakimtaka mwenye timu aiuze. Wengine watasema huo ni usaliti. Mimi sikubali. Aliyekata tamaa huzima televisheni akalala. Hawa walilipa kiingilio ili waje kugomba!

Lakini kuna jambo moja lililonishika zaidi. Cubs walipotwaa ubingwa mwaka wa 2016, ilikuwa imepita miaka 108. Mashabiki walikwenda na chaki hadi kwenye kuta za nje za Wrigley Field, wakaandika majina ya baba zao, mama zao na nyanya zao waliofariki bila kuiona siku hiyo. Kuta zikajaa majina.

Rafiki yangu bado ni wa White Sox. Mimi nimebaki na Cubs, ila zile milioni 3 nimezifuta daftarini.