WAJIBU WA MBUNIFU MKUU KATIKA KUTIMIZA KANUNI ZA UJENZI

Mkazi wa Nambambo anayekusudia kujenga mahali palipopimwa, kama ilivyo kwa mwenzake wa Ruangwa mjini, hutakiwa kupata kibali cha Halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Ombi huambatana na michoro. Wengi hudhani kuwa michoro ikishapigwa muhuri, kazi ya mbunifu imekwisha. Dhana hiyo ni ya hatari.

Tarehe 29 Machi, 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Ilielezwa wakati ule kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10, ilhali jengo lilikwisha kufikia 16. Nguzo hubeba uzito uliokadiriwa, haisomi kibali.

Jengo moja huwa na michoro ya mbunifu majengo, ya mhandisi, ya umeme na ya maji. Kila mchoro waweza kuwa sahihi peke yake, na bado bomba la maji machafu likatoboa bimu ya zege. Kazi ya mbunifu mkuu ni kuioanisha michoro yote, na kuhakikisha kuwa jengo likijengwa kama lilivyochorwa litatimiza kanuni. Uingereza, baada ya moto wa jengo la Grenfell mjini London ulioua watu 72 mwaka 2017, wajibu huo uliingizwa katika kanuni za ujenzi za England kuanzia tarehe 1 Oktoba, 2023. Mbunifu mkuu anayeondoka kabla ya kazi kwisha hutakiwa kumwachia mwenye jengo maelezo ya maandishi ndani ya siku 28.

Nchini Tanzania, wabunifu majengo husajiliwa na Bodi chini ya Sheria ya mwaka 2010, na wahandisi wana Bodi yao. Mwenye jengo anapowatumia wataalamu kadhaa, yafaa amtaje kwa maandishi mmoja wa kuoanisha kazi zao.

Fundi akishauri kuhamisha ngazi, kupunguza nondo au kuongeza ghorofa (na mashauri hayo hutolewa mara nyingi saruji inapopanda bei), kazi ya sehemu hiyo isimame. Mchoro urudishwe kwa mbunifu, kisha mabadiliko yapelekwe Halmashauri kabla zege halijamwagwa.